Tezi Ndogo za Kope na Afya ya Macho Yetu

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, siku ya upimaji wa macho. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.



Mratibu wa Huduma za Macho ameniomba nizungumze nanyi wakati yeye na wauguzi wanaendelea na upimaji. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni habari, na haya nitakayoyasema nimeyauliza kwa wataalamu wetu, nikayasoma, kisha nikawarudia wao wayahakiki kabla ya kuyaleta mbele yenu. Nimechagua kiungo kimoja kidogo sana, ambacho wengi wetu hatujui hata kama tunacho, kwa sababu kinahusika na mengi mnayoyalalamikia nyakati za kiangazi: macho kuwasha, machozi yasiyokoma, hisia ya mchanga ndani ya jicho, chokea isiyokwisha, na kope zinazochoma.

Niweke sawa majina kwanza. Kiswahili chetu hulitumia neno kope kwa vitu viwili: ngozi inayolifunika jicho, na nywele zilizopangana ukingoni mwa ngozi hiyo. Leo, ili tusichanganyane, ngozi nitaiita kigubiko cha jicho, na nywele nitaziita kope.

Ndani ya kigubiko, chini ya ngozi, kuna utando mgumu unaokipa umbo lake. Ndani ya utando huo zimepangwa tezi za mafuta, zimesimama wima sambamba kama vijiti vya ua. Kigubiko cha juu huwa na tezi 25 hadi 40, na cha chini 20 hadi 30. Kila tezi ina mfereji mmoja katikati, na pembeni mwa mfereji huo vimejishika vifuko vidogo vidogo. Aliyewahi kushika shuke la uwele mkononi analijua umbo hilo: bua katikati, punje kulizunguka. Mfereji hufungukia ukingoni mwa kigubiko, nyuma kidogo ya mstari wa kope. Mtu mwenye macho mazuri akisimama mbele ya kioo mahali penye mwanga, akakishusha kigubiko cha chini taratibu, anaweza kuviona vitundu hivyo, kama vimetobolewa kwa ncha ya sindano.

Namna tezi hizi zinavyotengeneza mafuta inastaajabisha. Sisi watu wa Singida tunajua mafuta ya alizeti hupatikanaje: mbegu huingia mashineni, hukamuliwa, mafuta huenda upande wake na mashudu upande wake. Katika tezi za kigubiko, chembe hai zilizomo ndani ya vifuko hujaa mafuta mpaka hupasuka, na chembe nzima hugeuka kuwa mafuta. Hakuna mashudu. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana, maisha yote, ingawa hupungua kadiri umri unavyosonga.

Wataalamu huziita tezi za Meibom, kwa jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza kwa kina katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1666. Zipo pia tezi nyingine ndogo zaidi ukingoni hapo, ambazo zimejishikiza kwenye mashina ya kope: baadhi hutoa mafuta na nyingine hutoa jasho. Hizo tutazigusa tutakapofika kwenye chokea.

Sasa, mafuta hayo yana kazi gani? Sehemu ya mbele ya jicho, ile iliyo angavu kama kioo, haina ngozi ya kuikinga na jua wala upepo. Kinga yake ni machozi. Sisemi machozi ya kilio. Nasema yale machozi ya kila wakati ambayo hatuyahisi. Yana sehemu tatu. Chini kabisa kuna ute unaoyafanya maji yashikamane na jicho. Katikati kuna maji yenyewe. Juu kabisa kuna mafuta haya ninayoyasema, yametandazwa kwa wembamba usiofikia hata sehemu moja kati ya elfu ya milimita.

Fikirini lambo letu la kunyweshea mifugo. Mvua zikikatika, maji hayaishi kwa ng'ombe peke yao. Jua na upepo huyanyanyua kila siku mpaka tunabaki na tope lililopasuka. Jicho nalo ni lambo dogo lililo wazi. Kile kitandazo chembamba cha mafuta ndicho kinachoyazuia maji yasinyanyuke.

Na mafuta hayo hayatandazwi yenyewe. Kila tunapofumba na kufumbua, misuli ya kigubiko huzibana tezi, tone dogo hutoka, na kigubiko hulipaka juu ya jicho kinapopanda. Wazee wetu walipotaka kusema jambo limetokea kwa haraka sana walisema «kufumba na kufumbua». Tendo hilo la haraka tunalifanya mara 15 hivi kwa dakika bila kulifikiria. Mtu anayekodolea simu hupepesa mara chache zaidi, pengine nusu yake au pungufu, na wakati mwingine kigubiko hakifiki chini. Ndiyo maana kijana aliyekesha akitazama simu huamka macho yakiwa mekundu, akasema ni malaria.

Mkoa wetu unajulikana kwa upepo. Wawekezaji wamekuja kuupima kwa nia ya kuzalisha umeme, jambo jema, lakini jicho halijui habari za umeme. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hatuna mvua, ardhi ni tupu, vumbi linasafiri pamoja na upepo, na hewa imekauka. Dereva wa bodaboda anayetoka kijijini mpaka mjini bila miwani anaupokea upepo huo wote usoni. Mama aliyeinamia mafiga matatu anaupata moshi kwa muda mrefu zaidi ya huyo dereva. Lambo linanyauka haraka, na tezi zinadaiwa mafuta mengi kuliko kawaida.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wengi wanapobisha. Mhudumu humwambia mgonjwa: «Mama, macho yako ni makavu.» Mama hushangaa: «Makavu vipi, na leso yangu imelowa machozi tangu asubuhi?» Wote wawili wana haki. Mafuta yanapopungua, maji hukauka upesi, na uso wa jicho hubaki wazi na kuwasha. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwamba jicho limedhurika. Tezi kubwa ya machozi, iliyo juu ya jicho kwa upande wa nje, hujibu kwa kumwaga maji mengi kwa mara moja. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, basi hayakai. Hutiririka shavuni, jicho hubaki kavu, na taarifa hupelekwa tena. Ni sawa na kumwagilia bustani ya mchanga saa saba mchana. Mtu wa namna hii hahitaji dawa ya kukausha machozi. Anahitaji tezi zake zifunguke.

Kwa nini zinaziba? Mafuta mazuri ya tezi hizi ni laini na huyeyuka kwa joto la mwili wetu. Lakini kwa sababu ya umri, ya uchafu unaoganda ukingoni, ya vijidudu vinavyoishi kwenye mashina ya kope, au ya baadhi ya magonjwa ya ngozi, mafuta hubadilika na kuwa mazito. Wafugaji wananielewa: samli iliyokuwa inamiminika jana mchana, alfajiri ya Julai unaikuta imeganda ndani ya kibuyu. Humlaumu ng'ombe. Unakisogeza kibuyu karibu na moto.

Na tiba ya kwanza ya tezi zilizoziba ndiyo hiyo hiyo, joto. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe ya moto unaovumilika. Osha mikono kwa sabuni. Chovya kitambaa safi, kikamue, kipime kwanza kwa ngozi ya ndani ya mkono; kikiunguza mkono, kitaunguza jicho. Fumba macho, kiweke juu ya vigubiko kwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kinapopoa. Kisha kanda kigubiko polepole kwa kidole safi ukielekea kwenye kope: cha juu unakanda kushuka, cha chini unakanda kupanda. Mwisho, kwa kitambaa kingine safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, futa ukingo wenyewe uondoe matongotongo na magamba. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Nafuu haiji siku ya kwanza, na mwenye tatizo la muda mrefu ataendelea kwa majuma kadhaa. Najua kuni ni shida na maji ni shida. Sufuria ya chai inapoinjikwa asubuhi, kikombe kimoja cha maji hayo kinatosha kwa macho mawili.

Nije kwenye chokea. Kuna utani wa zamani kwamba mwenye chokea amemchungulia mtu bafuni. Watoto shuleni huchekwa kwa sababu hiyo, na wengine huficha jicho badala ya kusema. Chokea ni jipu dogo. Vijidudu, aghalabu vile vile vinavyosababisha majipu ya ngozi, huingia katika mojawapo ya tezi zile ndogo za kwenye mashina ya kope, usaha hukusanyika, na ukingo huvimba na kuuma. Vikiingia katika tezi ya Meibom, uvimbe hutokea upande wa ndani wa kigubiko na huuma zaidi. Upo pia uvimbe wa tatu, mgumu kama punje ya mtama chini ya ngozi, usiouma. Huo si usaha. Ni mafuta yaliyokosa njia, yakavuja ndani ya kigubiko, na mwili ukajenga ukuta kuyazunguka.

Kwa yote matatu, kitambaa cha moto nilichokieleza, mara tatu au nne kwa siku, ndicho huanza. Chokea nyingi hupasuka au hunywea zenyewe ndani ya juma moja au mawili. Tusizikamue, kwani usaha unaokamuliwa unaweza kurudi ndani, na uambukizo ukasambaa kwenye nyama zinazolizunguka jicho.

Lakini kuna hali ambazo hazisubiri kitambaa. Kigubiko chote kikivimba na kuwa chekundu, homa ikipanda, jicho likitokeza nje au likiuma linapogeuka, au uoni ukififia, hasa kwa mtoto, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Uvimbe usiopungua kwa zaidi ya mwezi unapaswa kuonwa. Na kwa mtu mzima, uvimbe unaorudi pale pale kila unapoondolewa, au unaoambatana na kupukutika kwa kope mahali hapo, lazima uchunguzwe kwa kipimo cha nyama, kwa sababu mara chache sana saratani ya tezi hizi hujifanya chokea. Nimesema mara chache sana. Sikulitaja ili mtu asilale usiku huu. Nimelitaja ili bibi mwenye chokea ya mwaka mzima asiendelee kuambiwa kwamba itakwisha.

Sasa nisema lile ambalo wauguzi wetu waliniomba nisilipite kwa haraka. Watu wanaingiza vitu machoni. Maji ya tumbaku, maziwa ya mama, mkojo, majani yaliyopondwa, na hata unga wa vidonge vilivyosagwa. Ninawaheshimu waganga wetu na sitasimama hapa kuikejeli mitishamba. Wengi tumekua kwayo. Ila chokea ni tatizo la ukingo wa kigubiko, na kitu kinachotiwa ndani hufika kwenye kioo cha jicho. Kioo kikichubuka na kuingiwa na vijidudu hufanya kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe ambalo mwanga haupiti. Mtu alikuja na jipu la siku kumi, akaondoka na jicho lisiloona.

Hatari nyingine ina lebo nzuri. Baadhi ya dawa za matone zinazotuliza wekundu haraka zina steroidi ndani yake. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Chupa iliyomsaidia jirani mwaka jana haikuandikwa kwa jicho lako, na chupa ikishafunguliwa haikai miezi mingi. Mwenye duka la dawa akuulize cheti, akikuuliza, usikasirike.

Ndugu wananchi, nimezungumzia tezi zinazoziba. Sasa niseme juu ya tezi zinazokufa, na hapa nazungumza na ukanda wetu wa kati wa nchi hasa.

Trakoma, ambayo wengi tunaijua kwa jina la vikope, ni ugonjwa wa maambukizi unaokaa upande wa ndani wa kigubiko, hususan cha juu. Hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa mikono, kwa kanga moja inayofuta nyuso nne, na kwa inzi wanaofuata matongotongo na makamasi. Maambukizi ya mara moja hupona. Lakini mtoto anayeambukizwa tena na tena hujenga makovu ndani ya kigubiko, na makovu hayo yanaendelea kujikunja anapokuwa mtu mzima, kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa vibaya juani. Kigubiko kinapinda kuelekea ndani na kope zinaanza kukwaruza kioo cha jicho.

Hilo la kope wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba makovu hayo yanaota mahali pale pale zilipo tezi za mafuta. Mifereji inapindishwa na kuzibwa, vifuko vinasinyaa, na tezi zikishakufa hazioti tena. Mgonjwa anapata mikosi miwili kwa pamoja: kope zinakwaruza, na jicho linalokwaruzwa limepoteza mafuta yaliyokuwa yakililainisha. Kila anapofumba na kufumbua anaumia.

Wanawake ndio wanaoathirika zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio hushinda na watoto na kupokea maambukizi yao mwaka baada ya mwaka. Katika nyumba nyingi utamkuta bibi mwenye kibanio chake, akiomba mjukuu amng'olee kope zinazochoma. Mjukuu anafanya kwa upendo. Lakini kope iliyong'olewa huota tena baada ya majuma machache, na iliyokatikia njiani hubaki kisiki kigumu kinachokwaruza zaidi ya mwanzo. Upasuaji unaogeuza ukingo wa kigubiko ufanyike mapema, kabla kioo hakijapata kovu. Hufanywa kwa ganzi, hata na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Jicho haling'olewi wala halitolewi nje. Nalisema kwa sababu nimeliulizwa zaidi ya mara moja. Katika kambi za upasuaji wa vikope zinazoendeshwa na Serikali na wadau wake, mgonjwa halipi.

Kwa watoto, dawa ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kugawa azithromaisini kwa jamii nzima dhidi ya trakoma, na kingatiba mnayoijua ni mwendelezo wa kazi hiyo. Dawa peke yake haitoshi, na ushahidi ulitoka karibu na hapa, wilayani Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma. Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake walichukua vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya mafuta ya macho, na vijiji 3 vikaongezewa kampeni ya nguvu ya kuwaosha watoto nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto wa vijiji vilivyoosha nyuso walipungukiwa na trakoma kali, na waliodumu na uso safi ndio waliofaidika zaidi. Uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo kinaosha nyuso za nyumba nzima kwa maji yasiyojaza sufuria. Jirani zetu wa Malawi walitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Nao wana kiangazi na inzi kama sisi.

Baada ya mada, wananchi waliuliza maswali. Haya ni baadhi yake, na majibu yalitolewa kwa kusaidiana na Mratibu.

Mama mmoja aliuliza kuhusu wanja. Wanja wa asili mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa mtoto mchanga. Watoto wasipakwe kabisa. Kwa mtu mzima anayetumia wanja wa dukani, apake nje ya mstari wa kope. Ukipakwa kwa ndani unakaa juu ya vitundu vya tezi zenyewe na kuviziba. Auoshe kabla ya kulala, na asiazime kijiti cha mwenzake.

Kutoka hapo likazuka suala la kope bandia, kwa vicheko vingi. Wengine walikumbusha kwamba Septemba 2018 Spika wa Bunge wa wakati huo, Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge wenye kope na kucha bandia kuingia ukumbini, baada ya Naibu Waziri wa Afya kueleza madhara yake. Halmashauri haina marufuku hiyo. Jibu la kitaalamu ni kwamba gundi hubandikwa hatua chache tu kutoka kwenye vitundu vya tezi, huweza kuwasha ngozi na kuviziba, na uzito wa kope hizo huzing'oa za asili. Anayezitaka azitoe usiku na asizibandue kwa kuvuta.

Mfugaji wa nyuki aliuliza kama asali inatibu chokea. Asali yetu ni nzuri na inasifika, na ni kweli kwamba ina uwezo wa kupambana na vijidudu. Lakini asali ya kwenye mzinga haikusafishwa kwa ajili ya jicho. Ina chavua, nta na uchafu mwingine. Tuile, tuiuze, tusiitie machoni.

Dereva wa bodaboda alitaka kujua miwani ya bei gani inatosha. Kwa upepo na vumbi, miwani yoyote iliyo safi, isiyopotosha uoni na inayofunika mpaka pembeni inafaa. Ya giza asivae usiku.

Swali la mwisho liliulizwa na mzee aliyeketi mbele. Jicho lake moja halioni tangu miaka mingi na kope zake zinachoma. Alitaka kujua kama upasuaji una maana kwake sasa. Mratibu alijibu kwamba upasuaji wa kigubiko hauondoi kovu lililokwisha kuwa kwenye kioo, lakini unaondoa maumivu, na unalilinda jicho la pili ambalo kope zake nazo zimeanza kupinda. Aliongeza kwamba si kila giza ni kovu. Huenda nyuma yake kuna mtoto wa jicho, ambaye anaweza kuondolewa, na hilo halijulikani mpaka jicho limulikwe kwa tochi. Akamwomba mzee asogee mbele ya foleni, na waliokuwa mbele yake wakampisha.